Siku Kumi na Moja Durban

Kila alfajiri nilipomaliza kuswali niligonga kioo cha baromita kwa ncha ya kidole, nikangoja mshale utulie, kisha nikaandika namba kwenye daftari. Siku ya kwanza 1014. Siku ya pili 1009. Siku ya tatu 1004, na adhuhuri yake upepo ukakata kabisa, bendera zote za gatini zikalala. Hazikupita dakika kumi ukaja upepo mwingine kutoka upande wa pili, wa baridi, wenye mvua ya kupiga ubavuni. Milingoti ilipiga mluzi mpaka usiku wa manane, na kamba tulizofungia chombo zikalia kama mlango mbovu.

Kapteni alinikabidhi daftari lile siku tuliyoingia Durban. Nilidhani kanitafutia cha kunishughulisha. Siku kumi na moja baadaye, tulipofungua kamba na kutoka bandarini, tulitoka kwa sababu ya namba zilizoandikwa mle.

Tulikuwa watu watatu. Kapteni ni mzee wa Kifaransa aliyeishi Pangani miaka sita na kujifunza Kiswahili kwa wavuvi. Mkewe nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu. Boti yao ya matanga ilikuwa ya mita 12, mlingoti mmoja, nao walitaka kuihamishia Cape Town. Walihitaji mtu wa tatu wa kushika zamu za usiku. Tuliondoka Tanga wiki ya kwanza ya Oktoba, kusi ikiwa imeshachoka, tukapitia Mayotte, tukavuka Mlango wa Msumbiji, tukajibanza siku chache nyuma ya visiwa vya Bazaruto, na tarehe 27 Novemba tukaingia Richards Bay, bandari kubwa ya makaa ya mawe. Hatukuwa na ruhusa ya kuchelewa zaidi huko nyuma, maana kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi msimu wa vimbunga ni Novemba hadi Aprili. Richards Bay tulikaa siku tano. Kutoka pale hadi Durban ni safari ya siku moja. Na Durban ndipo tulipokaa, tukakaa, tukakaa.

Siku ya nne nilimpigia simu mjomba wangu Pangani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mko wapi?"

"Durban, mjomba. Tumekwama. Upepo umekataa."

Alinyamaza kidogo. "Hamjakwama," akasema. "Chombo kilichokwama kiko juu ya mwamba. Nyinyi mnangoja."

Mjomba alikuwa nahodha wa jahazi kwa zaidi ya miaka thelathini, akipakia mbata, chumvi na boriti kati ya Pangani, Unguja, Pemba na Mombasa. Yeye ni katika wazee wachache waliobaki wanaohesabu mwaka kwa miongo: siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, miongo 36 na siku tano juu yake. Ukimuuliza kesho itakuwaje hatazami simu. Atakwambia uko mwongo wa ngapi, na katika mwongo huo bahari huwa na tabia gani.

Kwetu upepo una kalenda yake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei mpaka Oktoba. Katikati ni tangambili, wakati ambao pepo hubadilika badilika na baharia hajui atweke tanga upande gani. Jahazi za Ghuba na za Kachi zilikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Na hata kusi ilikuwa na milango yake. Manahodha walitoka huku mwanzoni mwake, kabla haijakasirika, au walisubiri mwisho wake, Agosti na Septemba. Juni na Julai hawakuthubutu, kwa sababu wakati huo hupiga kwa nguvu kiasi kwamba bandari za kusini mwa Arabuni na za magharibi mwa India zilikuwa hazifikiki.

Aliyekuja na kaskazi hakuweza kurudi nayo. Alingoja miezi. Katika kungoja huko watu walioa, walijenga, walisomesha watoto, walikopa maneno na kukopesha. Miji yetu ya pwani imelelewa na watu waliokuwa wakingoja upepo ugeuke. Mtu aliyezaliwa katika hali hiyo hudhani kungoja anakujua. Nami nilidhani hivyo. Durban ndiyo iliyonionyesha kwamba nilijua kungoja kwa miezi tu. Kungoja kwa saa nilikuwa sijakusoma.

Jioni ya siku ile ya nne Kapteni alitandaza ramani mezani akanieleza bahari iliyokuwa mbele yetu.

Kando ya pwani ile unapita Mkondo wa Agulhas, mmoja wa mikondo yenye nguvu kuliko yote duniani. Unabeba maji ya moto kutoka Mlango wa Msumbiji na mashariki ya Madagaska, unayashusha kuelekea kusini-magharibi, na una nguvu zaidi pale ambapo sakafu ya bahari inaanza kuporomoka, kwenye mstari wa kina cha mita 200. Hapo maji yanaweza kukimbia maili nne hadi tano za baharini kwa saa. Ni kasi ya mtu anayekimbia polepole, isipokuwa anayekimbia hapa ni bahari nzima.

Upepo ukivuma kutoka kaskazini-mashariki, unafuatana na mkondo, na chombo kinasukumwa na vyote viwili. Lakini kila baada ya siku chache, pengine tatu, pengine tano, dhoruba hupanda kutoka bahari za baridi za kusini, na upepo hugeuka kuwa wa kusini-magharibi. Hapo upepo na mkondo hugongana uso kwa uso. Mawimbi husimama wima, hukaribiana, na mbele ya wimbi hufunguka shimo ambalo chombo hutumbukia kabla hakijainuka. Mabaharia wanaopita pale hutahadharishwa juu ya mawimbi yanayoweza kufika mita 20. Ushauri unaotolewa ni kukimbilia upande wa nchi kavu wa ule mstari wa mita 200, ambako mkondo umepungua nguvu.

"Na bandari za kukimbilia?" nikauliza.

Kapteni aliweka kidole Durban, akakiburura mpaka East London. "Maili 250," akasema. "Kati hapa hakuna. Ni midomo ya mito na miamba tu."

Pwani hiyo huitwa Wild Coast. Tarehe 26 Julai 1909 meli ya Waratah, meli kubwa ya abiria ambayo haikuwa na hata mwaka kazini, iliondoka Durban kwenda Cape Town ikiwa na watu 211. Meli nyingine iliiona siku iliyofuata. Baada ya hapo haikuonekana tena, na mpaka leo, pamoja na vyombo vyote vya kisasa vya kuchunguza chini ya bahari, haijapatikana.

Basi hesabu ya kungoja Durban ni hii. Unaondoka kusini-magharibi ikiwa inakata roho, nyuma ya mgongo wa dhoruba iliyopita, na unatakiwa uwe umefungwa gatini East London kabla ya dhoruba inayofuata. Wakati wa kaskazini-mashariki baromita hushuka. Ikiacha kushuka, jua upepo unageuka. Wakati wa kusini-magharibi hupanda. Unangoja mpaka kupanda kwake kukaribie kikomo. Hapo, kama utabiri unaotoka kwa satelaiti unakubaliana na kioo, unaondoka. Ukitangulia nusu siku utakutana na mabaki ya dhoruba ya kwanza. Ukichelewa nusu siku, ya pili itakukuta njiani.

Watu wa nchi kavu wanadhani anayengoja amekaa tu. Sisi hatukukaa. Nilipanda mlingotini nikakagua kila pini na kila waya. Nilishona upya pembe ya tanga kubwa iliyokuwa imeanza kufumuka. Kapteni alibadilisha mafuta ya injini na vichujio vyake, kwa sababu tope la tenki hutulia bandarini na kuvurugika baharini, na injini huzimika siku unayoihitaji kuliko zote. Mama alipika na kufungasha chakula cha siku mbili kinacholiwa kwa mkono mmoja. Mara mbili kwa siku tulipokea utabiri kutoka vyanzo vitatu tofauti. Vikikubaliana, tulikaa tukavijadili. Visipokubaliana, hapakuwa na mjadala: tulingoja.

Siku ya sita ilikuwa ngumu. Binti yao alikuwa na tiketi ya ndege ya kufika Cape Town tarehe 20 Desemba, pamoja na mjukuu ambaye Mama alikuwa hajawahi kumshika. Utabiri ukaonyesha mwanya wa saa ishirini na nne. Sisi tulihitaji thelathini. Kwenye gati letu palikuwa na boti nyingine iliyongoja muda mrefu kuliko sisi, na wenyewe wakaamua kutoka. Nahodha wao alisema mkondo utawasukuma, watawahi. Niliwafungulia kamba kwa mikono yangu. Nilipowaona wanaipita mikono ya bandari, matanga yamejaa, nilihisi wivu, nasema kweli. Nilimwona na Kapteni anatazama, kisha anatazama kalenda iliyobandikwa juu ya jiko.

Mama ndiye aliyesema. "Mjukuu wangu anaweza kunisubiri akiwa nchi kavu. Sitaki anisubiri nikiwa mahali pengine."

Kapteni akaing'oa ile kalenda ukutani, akaikunja, akaitia kwenye droo.

Wenzetu walirudi usiku wa siku iliyofuata, wakisukumwa na injini. Upepo uliwageukia saa sita kabla ya ilivyotabiriwa. Tanga lao la mbele lilikuwa vipande, na mmoja wao alikuwa amevunjika mkono. Niliwashikia kamba zilezile nilizowafungulia. Hakuna aliyewauliza kitu, wala wao hawakueleza. Tuliwapelekea chai ya moto na mtu wa kuwapeleka hospitali.

Siku mbili baadaye nilitembea kandokando ya bandari nikaifikia saa ya Vasco da Gama, mnara wa chuma ambao Serikali ya Ureno iliwapa watu wa Durban kwa kumbukumbu ya safari yake ya mwaka 1497. Nilisimama pale muda mrefu, kwa sababu habari za mtu yule kwetu tunazisoma tangu shule, lakini sikuwahi kuzisoma kama baharia.

Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa pale. Kusi ilikuwa ndiyo inaanza, katika mlango wake wa kwanza. Baada ya siku zipatazo 23 wakaiona India. Kurudi hakungoja. Waliondoka kwenye ufuo wa India tarehe 5 Oktoba, wakati kaskazi haijaamka na bahari imelala. Upepo ukawakatalia, shwari ikawashika, na pwani ya Afrika waliiona tarehe 2 Januari 1499, hapo Mogadishu. Karibu miezi mitatu. Watu 30 walikufa njiani kwa ugonjwa wa fizi unaoletwa na kukosa matunda na mboga. Waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, kwa hiyo walipofika Mtangata, jirani na Tongoni, waliichoma moto meli yao wenyewe, São Rafael.

Tongoni ni kati ya Pangani na Tanga. Nikiwa mdogo tulikuwa tukienda kucheza kwenye magofu yake. Hakuna aliyetuambia kwamba karibu na pale iliteketezwa meli kwa sababu nahodha wake hakukaa wiki chache zaidi. Bahari ni ileile, vyombo ni vilevile, nahodha ni yuleyule. Kilichotofautisha siku 23 na miezi mitatu ni kwamba mara ya kwanza aliongozwa na mtu aliyejua upepo unaondoka lini.

Ijumaa nikaenda Chatsworth, mtaa ulio mbali kidogo na bahari, kuswali na watu wanaoitwa Wazanzibari. Mababu zao wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Manowari za Kiingereza ziliwakuta kwenye majahazi ya watumwa, na kuanzia mwaka 1873 wakaletwa Durban kuwa vibarua. Waliishi King's Rest, karibu na bandari, mpaka serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamisha katika miaka ya 1960. Mzee mmoja alinishika mkono baada ya sala akataka nimsemeshe Kiswahili, asikie tu. Nilimsemesha. Alikuwa na maneno machache aliyoachiwa na bibi yake, naye akanipa moja moja kama mtu anayetoa sarafu za zamani kwenye kitambaa. Kama upepo ungetukubalia siku ya pili, mkono ule nisingeushika.

Siku ya kumi usiku baromita ilisoma 1021. Alfajiri ya siku ya kumi na moja ilisoma 1022. Nilirudi kuitazama baada ya saa mbili: 1022. Nje, ile kusini-magharibi iliyokuwa ikitupiga siku mbili ilikuwa imebaki kipepeo cha kupunga uso. Vyanzo vyote vitatu vya utabiri vilitoa saa arobaini. Kapteni alilisoma daftari, akaangalia anga, akaniuliza, "Wewe unaonaje?"

Alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Tutoke."

Tulifungua kamba saa nne asubuhi, tarehe 14 Desemba. Saa za kwanza zilikuwa za tabu, maana upepo hufa kabla ya mawimbi yake, na chombo kilirushwarushwa bila tanga kushika kitu. Jioni tukaufikia mstari wa mita 200. Niliujua mkondo kabla Kapteni hajasema: maji yaligeuka kuwa ya buluu nzito, na kipimajoto cha chini ya chombo kikapanda. Kisha, kama saa tano za usiku, kaskazini-mashariki ikaja. Ilianza kama mtu anayepumua shingoni, ikaongezeka taratibu, tanga likajaa, chombo kikalala kidogo upande mmoja na kushika njia.

Zamu yangu ilikuwa saa sita hadi saa tisa. Tulikuwa tunakwenda maili 11 kwa saa, kasi ambayo chombo kile hakijawahi kuwa nayo kwa nguvu zake. Upande wa kulia, mbali, taa moja moja za Wild Coast. Nilikuwa na usukani mkononi na nilifahamu kabisa kwamba kama upepo ungegeuka saa ile, hapakuwa na mahali pa kwenda. Niliwakumbuka wale 211 wa Waratah, nikawasomea Fatiha, hata kama wengi wao hawakuwa wa dini yangu. Lakini hofu sikuwa nayo, na nilijua kwa nini. Tulikuwa tumeshaulipia usiku ule kwa siku kumi na moja.

Tuliingia East London saa tisa alasiri, saa 29 tangu Durban. Baromita ilikuwa imeshuka hadi 1009. Tulifunga kamba ndani ya Mto Buffalo, kwa kuwa East London ndiyo bandari pekee ya Afrika Kusini iliyo mtoni. Saa nne usiku, tukiwa tumeshakula na kuoga, kusini-magharibi ikafika. Niliisikia ikipita juu ya paa za mji kama lori la mchanga. Mama alishika mkono wa Kapteni, hawakusema neno.

Pale tulingoja siku sita. Siku moja nilikwenda kwenye makumbusho ya mji kuona samaki. Desemba 1938 meli ya uvuvi iitwayo Nerine ilileta bandarini hapo samaki aliyenaswa karibu na mdomo wa Mto Chalumna, na msimamizi wa makumbusho, dada mmoja aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer, akakataa atupwe. Alikuwa silikanti, ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria. Nilimtazama kwenye kioo nikamtambua: mapezi yake kama miguu mifupi, magamba makubwa. Kwetu Tanga wavuvi wamekuwa wakimnasa tangu mwaka 2003, na sasa kuna hifadhi ya bahari inayobeba jina lake. Nikampiga picha nikamtumia mjomba. Akajibu: "Huyo mwambie Tanga wanamsalimu."

East London ina habari nyingine inayomhusu kila nahodha. Tarehe 3 Agosti 1991 meli ya kitalii ya Oceanos ilitoka bandari ileile kwenda Durban huku dhoruba ikivuma. Maji yakaingia ndani, na siku iliyofuata ikazama karibu na Coffee Bay. Watu wote 571 waliokolewa, baadhi yao wakivutwa juu kwa helikopta mmoja mmoja kutoka kwenye meli iliyolala ubavu. Ilikuwa rehema kubwa ya Mungu na kazi kubwa ya waokoaji. Lakini rehema haigeuzi uamuzi mbaya kuwa mzuri. Meli ile ingebaki gatini usiku mmoja au miwili, isingehitaji helikopta hata moja.

Tarehe 20 binti alifika Cape Town, sisi tukiwa bado mtoni. Akapanda basi na mwanawe mpaka Mossel Bay, na tarehe 23 tulipoingia huko walikuwa wamesimama gatini. Mama aliruka kabla sijamaliza kufunga kamba ya kwanza. Tiketi ya basi ilitatua jambo ambalo wiki mbili nyuma lilikaribia kututoa Durban katika mwanya wa saa ishirini na nne.

Mossel Bay tulingoja tena, siku tisa. Mwaka mpya tuliuanza tukiwa njiani, na alfajiri ya tarehe 2 Januari tukaipita Rasi Agulhas, nyuzi 34 na dakika 50 kusini, ncha ya mwisho ya Afrika. Bahari ya Hindi ikabaki nyuma yangu kwa mara ya kwanza maishani. Tarehe 3 tukaingia Cape Town.

Nikalifungua daftari nikapiga hesabu. Tangu Richards Bay zilipita siku 37. Kati ya hizo, siku tulizokwenda zilikuwa sita. Siku 31 tulingoja. Hakuna tanga lililochanika wala mtu aliyeumia.

Nimesharudi Pangani. Mjomba aliniomba daftari akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole chake kikifuata namba, na alipofika mwisho akasema, "Hawa wana mwongo wa siku tatu." Hilo ndilo lililonichukua safari nzima kulielewa. Kila bahari ina kipimo chake cha kungoja. Yetu inapimwa kwa misimu, ya kule kwa kupanda na kushuka kwa kioo, lakini ubaharia ni ule mmoja: kujua siku ya kutotoka.

Naandika haya kwa sababu naona elimu hiyo inatutoka. Injini zimetufanya tuamini kwamba upepo ni jambo la wenye matanga. Vijana wenzangu wanavuka kwenda Pemba na Unguja katikati ya Julai, kusi imekaza, boti imejaa watu mpaka ukingoni, eti mashine ina nguvu. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, iliyokuwa na injini wala haikuwa na tanga, ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, siku ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Nina jamaa waliozika siku zile, na wapo ambao hawakupata hata wa kuzika.

Leo hatuna udhuru waliokuwa nao wazee. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza redioni na kwenye simu, siku kadhaa kabla, kwamba upepo unatarajiwa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita mbili. Tangazo hilo ndilo baromita yetu. Mwenye chombo, lisikilize kabla ya kukata tiketi. Na wewe msafiri, nahodha akitoka nje, akatazama mawingu, akakwambia leo hatutoki, usimnung'unikie wala usimtafute mwingine atakayekubali. Mshukuru, rudi nyumbani ukalale, uje kesho.